Waifai ndani ya banda la mabati: shajara yangu, Buhongwa

3 Agosti 2024

Naanza kuandika hii kwa sababu nimeshajichanganya mwenyewe, nimejaribu vitu vingi mpaka sikumbuki kipi kilisaidia na kipi kilinilia hela tu. Mi ni fundi simu na laptopu, nilikuwa na fremu mjini Mwanza, kodi ikapanda na mwenye fremu anataka ya miezi sita kwa mkupuo, nikaona isiwe kesi, kiwanja ninacho Buhongwa, nikasimamisha banda la mabati nyuma ya nyumba kazi nikahamishia huku. Wateja wa maana wana namba yangu, watakuja.

Banda ni futi 20 kwa 12, fremu ya bomba za chuma za kuchomelea, bati geji 30 pande zote nne na juu, mlango wa bati, dirisha hakuna kwa sababu ya wezi. Kutoka ukuta wa nyumba mpaka mlango wa banda ni mita 58, nimepima kwa futi kamba. Nyumbani kuna faiba, kifurushi cha Mbps 20, ruta ipo sebuleni juu ya kabati la vyombo. Nikajiambia mita 58 ni nini bwana, nje pale kwenye mwembe napataga.

Ndani ya banda hamna kitu. Vidoti vya waifai vinatokea vinapotea, ukurasa unazunguka tu.

Na watu wanadhani fundi simu anahitaji bisibisi na solda basi. Faili la kuflashi simu moja (kuiwekea mfumo wake upya) siku hizi ni GB 4 mpaka 7, na zile programu za kufungulia simu zinaingia kwenye seva kwa kredit, mtandao ukikata katikati kredit imeliwa na simu ya mtu imelala nyeusi mezani. Wiki hii tu nimemaliza bando mbili za simu kwa kazi ambazo faida yake haifiki hata hilo bando.

4 Agosti

Leo nimepima vizuri badala ya kulalamika. Simu ile ile, programu ya bure ya kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, nimesimama sehemu moja dakika mbili mbili. Kwa wasiozoea, namba ni hasi, ikisogea karibu na sifuri ndio nzuri: -50 ni raha, -67 video inaenda bila kukwama, -80 unabahatisha, -90 sahau.

Nje ya banda, mgongo umegusa bati: -66. Ndani mlango wazi: -76. Ndani mlango umefungwa: -91.

Hebu angalia hiyo, hatua moja tu kutoka nje kuingia ndani na nimepoteza desibeli 25. Kila desibeli 10 ni kugawanya kwa kumi, kwa hiyo 25 ni kama nguvu imegawanywa kwa mia tatu. Kwa hiyo shida yangu siyo umbali hata kidogo, mita zote 58 hazijanifanya kitu, kilichonimaliza ni bati ambalo unene wake ni milimita 0.3 hivi.

Na usidhani bati jembamba linapitisha kidogo. Mawimbi ya waifai yakigonga chuma yanaingia kina kidogo kuliko unywele halafu yanarudi yalikotoka, geji 30 au mlango wa benki kwao ni sawa. Hicho kidogo ninachopata ndani kinapenya kwenye mianya, chini ya mlango na pale juu ambapo migongo ya bati inaacha vitundu kwenye boriti. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5 GHz ni kama 5 na nusu, hivyo tundu dogo haliwatoshi vizuri wote wawili. Nimezunguka banda na simu mkononi kama mtu anayetafuta maji kwa kijiti, sehemu nzuri kuliko zote ni kuchuchumaa karibu na bawaba ya chini. Siwezi kufanya kazi nimechuchumaa kwenye bawaba.

10 Agosti

Ripita, kile kidude kinachodaka waifai na kuirudia mbele. Elfu 45. Kila mtu aliniambia nunua ripita.

Nikaichomeka kwanza ndani ya banda, maana nilitaka mtandao uwe ndani si ndio? Sasa simu inaonyesha vidoti vimejaa kabisa, full, nikashangilia, nikapima spidi: 0.8. Yaani ripita yenyewe iko kule kwenye -90 haisikii chochote, halafu inanitangazia kwa sauti kubwa hicho hicho isichokisikia. Mkalimani kiziwi. Nikaihamishia dirisha la jikoni upande wa banda, nje ya bati ikapanda mpaka -52, ndani mlango umefungwa -78. Spidi 2 mpaka 3, ikifika dakika ya kumi inakata inarudi. Na ripita ya bei hii inasikiliza na kuongea kwenye chaneli moja, kwa hiyo hata ikiwa na afya njema nusu ya spidi inaenda kwenye kurudia maneno.

Mama Neema kaichukua kaiweka chumbani, anasema sasa chumbani kuna mtandao mzuri. Basi angalau imepata mwenyewe.

17 Agosti

Kituko cha wiki. Kaja dada mmoja na simu ya kubadilisha kioo, nimemfungia kioo safi, nimemkabidhi hapo hapo bandani, kaangalia juu ya skrini kaniangalia mimi. "Fundi, simu yangu ilikuwa na netiweki." Nikamwambia dada, humu ndani hata yangu haina, ni bati. Hakuamini. Akasema alipoingia aliongea na simu, nikamwambia uliongea ukiwa mlangoni, akasema kaka usinifanye mtoto. Ikabidi tutoke nje wote wawili, tukapanda kwenye lile jiwe kubwa la pembeni ya banda, mara mbili tatu vidoti vikajaa, meseji zikaanza kuingia tititi. Akacheka. Ila ningekuwa mi ndio mteja nami ningehisi nimeibiwa antena.

Hili sikuwa nimelifikiria kabisa, kwamba fundi simu kajijengea chumba kisichoingia simu.

Kijana wangu wa kazi alishauri tutoe bati moja la juu tuweke lile la plastiki la mwanga. Tumeweka. Ndani kumekuwa kweupe, nasolda bila taa, kwa hilo namshukuru. Mawimbi yamepanda desibeli 3 tu maana tundu liko juu na ruta iko pembeni kwa chini. Na joto limeongezeka. Saa saba mchana nimepima kwa waya wa joto wa maltimita, nyuzi 43.

31 Agosti

Nimeshakubali: mtandao lazima uvuke bati kwa waya, halafu utangaziwe humo humo ndani. Hamna ujanja wa kupigia kelele bati kutoka nje. Kwa hiyo mpango ni waya wa mtandao wa Cat6 kutoka kwenye ruta mpaka bandani, mita 58 ukiongeza za ndani ni kama 75, mwisho wa Cat6 ni mita 100, nafasi ipo. Waya wa nje wenye ganda jeusi linalovumilia jua, shaba tupu. Huu wa shaba tupu uulizie vizuri, kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa sura hiyo hiyo, ukichuna ncha na kukwangua kwa kisu unaona weupe ndani. Wa kwanza niliopewa dukani ulikuwa mweupe. Nikaurudisha, jamaa akasema "ah, ulitaka original?" Kana kwamba kuna mtu anaendaga dukani kutaka feki.

Nikaweka vijana wawili wachimbe mfereji. Asubuhi saa mbili wameanza, saa tatu wananiita. Futi moja chini, jiwe. Wakasogea kushoto mita mbili, jiwe. Kulia, jiwe, tena hilo limeungana na lile la juu ambalo tunakaaga. Mwanza bwana. Tunaimba mji wa miamba tukipiga picha pale Bismarck, siku ukitaka kuzika waya ndio unajua maana yake. Mmoja wa wale vijana kaniambia kistaarabu kabisa, "kaka, huku hakuchimbwi, huku kunapasuliwa." Nimewalipa nusu siku wameenda.

Naweza kupitisha juu hewani, kutoka kwenye nguzo ya paa mpaka banda. Ila waya wa shaba mita 58 hewani, huku ziwani, vuli inakuja na radi zake. Sijalala vizuri na hilo wazo.

14 Septemba

Nimenunua antena mbili za CPE za 5 GHz (za kurushiana mtandao bila waya), laki mbili na sitini jozi, zile sahani nyeupe ndogo unaelekeza moja inaiangalia nyenzake. Moja ukutani kwa nyumba, nyingine nimeiweka nje ya banda kwenye bomba la chuma mita 3 juu ili ipite juu ya mwembe. Kutoka kwenye antena waya mfupi unaingia ndani kwa kitundu nilichotoboa kwa drili, umeme unapita kwenye waya huo huo. Tundu nimeliwekea mpira, bati linakataga waya kama wembe ukiliacha hivi hivi.

Kuzielekeza imechukua saa nzima. Mama Neema yuko dirishani anasoma namba kwa sauti, mi niko kwenye ngazi nageuza kidogo kidogo, "hamsini na tisa... hamsini na tano... umepitiliza baba Neema, rudi." Imekaa -48.

Spidi bandani: 19.6. Ya nyumbani ni 20. Yaani nimepata yote. Nimeshusha faili la GB 5 nikiwa nabadilisha betri ya mtu, likaisha kabla sijafunga skrubu. Nimekaa tu naangalia ule mstari unavyojaa.

21 Septemba

Wiki nzima haijakata hata mara moja. Sina la kuandika.

12 Oktoba

Mvua za kwanza za vuli. Usiku saa tisa radi imepiga karibu mpaka mbwa wa jirani kaja kujificha kwetu barazani. Mwanga na sauti kwa pamoja, haikuacha hata nafasi ya kuhesabu moja.

Asubuhi: CPE ya banda imekufa. CPE ya nyumba imekufa. Poti moja ya ruta imekufa, nyingine tatu zinafanya, ashukuriwe Mungu. Swichi ndogo ya bandani inanuka. Laptopu ya kazi sikuwa nimeichomeka, sijui ni malaika gani alinikumbusha. Nimeifungua ile CPE ya banda juu ya meza yangu mwenyewe, kwa bisibisi zangu, pale waya unapoingilia kuna kidude cheusi kimepasuka kama punje ya bisi na njia ya shaba kwenye bodi imeyeyuka imeacha kovu la kahawia. Radi haikupiga antena moja kwa moja, ingepiga nisingepata hata cha kufungua. Imepiga jirani tu, msukosuko wake ukapita kwenye waya.

Mzee jirani kapita kuangalia. Kazunguka lile bomba la mita 3, kaligonga na fimbo, kaniuliza "hili umeliweka wewe?" Nikasema ndiyo babu. Akanyamaza kidogo, akasema kwa umri wake ameona radi za aina mbili, za Mungu na za kutumwa, ila hii ya kwangu haina haja ya kumtafuta aliyetuma, nimeiita mwenyewe na chuma. Sina la kumjibu. Kanda hii ya Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, mi nimezaliwa hapa, najua, na bado nikasimamisha bomba refu la chuma uwanjani.

19 Oktoba

Kila mtu sasa ananiambia nunua tena CPE uweke aresta ya radi. Sawa, aresta ipo, elfu 30 na kitu, ila aresta kazi yake ni kuumwaga huo umeme kwenye athi, na athi ni fimbo ya shaba iliyozama ardhini sehemu yenye udongo unaopitisha. Mi ardhini kwangu kuna nini? Fundi umeme kajaribu na fimbo ya futi nne, imeingia futi moja na nusu ikaanza kujikunja. Jiwe la aina hii halipitishi umeme. Aresta bila athi ni pambo.

Jiwe lile lile lililonikatalia mfereji ndilo linanikatalia athi. Kwa siku mbili nimekuwa na hasira na jiwe, kitu cha ajabu sana kwa mtu mzima.

Halafu jana nikiwa naangalia ruta sebuleni nikaona kile kiwaya chembamba cha faiba kinavyoingia kutoka nje, nikakumbuka kwamba siku ya radi kile hakikuguswa. Kinatoka kwenye nguzo huko barabarani, kinapita hewani mita mia na ushee, kimekuja mpaka ndani, na hakikuleta hata cheche. Kwa sababu ni kioo. Kioo hakipitishi umeme. Nina faiba mpaka sebuleni, kwa nini nisivute nyingine yangu mwenyewe kutoka sebuleni mpaka bandani? Haihitaji athi. Na haihitaji kuzikwa, naweza kuilaza juu ya jiwe ndani ya bomba.

2 Novemba

Nimenunua: waya wa faiba mita 100 wenye konekta tayari pande zote mbili, elfu 70. Media konvata jozi (vidude vya kugeuza mtandao wa waya wa kawaida kuwa mwanga wa faiba na kuurudisha), elfu 65. Bomba jeusi la maji la robo tatu inchi, mita 60. Nusu inchi nilijaribu, konekta haipiti.

Huu waya wa faiba una kitu ambacho muuzaji hakukitaja. Umekaa kama namba nane, upande mmoja kioo chenyewe, upande mwingine kamba ya chuma ya kuubebea ukining'inizwa hewani. Sasa nikivuta na hiyo kamba nitakuwa nimerudi kule kule, nimeunganisha nyumba na banda kwa chuma. Mi siuning'inizi, unalala ndani ya bomba, kwa hiyo nimeichana kamba yote, inachanika kama ganda la muwa. Halafu pembeni ya kioo kuna nyuzi mbili ngumu za kuupa nguvu, hizo nazo zinaweza kuwa chuma au nyuzi za plastiki ngumu. Nimechuna sentimita mbili kwenye kipande cha mwisho, nikaleta sumaku ya spika iliyokufa. Haikushika. Nikapima na maltimita pia, kimya. Safi.

Basi nikaunganisha vyote mezani kwanza kabla ya kuvuta, na hili ndilo jambo pekee la akili nililofanya mwezi huu, maana havikuongea. Taa ya umeme inawaka, taa ya faiba kwenye konvata inawaka inazima, inawaka inazima. Kwanza nilidhani nimepewa konvata mbili za aina moja, maana hizi za uzi mmoja zinakuja A na B, A inatuma kwa 1310 na kupokea kwa 1550, B kinyume chake, ukipewa A mbili zote zinaongea sauti moja hakuna anayemsikia mwenzake. Nimeangalia stika, A na B, ziko sawa.

9 Novemba

Jibu: kijani na bluu. Konekta za waya wangu ni za kijani, poti za konvata ni za bluu. Mi nilidhani ni rangi tu, kama vile jeki za spika. Kumbe ya kijani ncha yake imekatwa mshazari nyuzi 8, ya bluu imekatwa bapa, ukizikutanisha hazigusani vizuri, mwanga unavujia njiani, na ukilazimisha unaweza kuichubua ncha kabisa. Aliyenifungua macho ni fundi wa faiba mmoja, rafiki wa shemeji, kaangalia sekunde tatu akacheka mpaka akakaa chini. "Bro umeozesha kijani na bluu." Halafu akaniazima ile tochi nyekundu ya kuchungulia, unaiwasha upande huu, upande wa pili unaona nukta nyekundu, ujue kioo hakijavunjika. Akanionya nisichungulie ncha ikiwa imechomekwa kwenye konvata, mwanga wake hauonekani kwa macho ila jicho linaumia.

Dawa ni rahisi: adapta ya kijani ya kuunganishia, halafu pachi kodi fupi yenye kijani upande mmoja na bluu upande wa pili. Elfu 7 kila moja, mbili. Taa ikawaka ikatulia.

16 Novemba

Siku ya kuvuta. Bomba tumelilaza kufuata mkunjo wa jiwe, kila mita moja na nusu kijipande cha saruji cha kulishikilia ili watoto wasilitumie kurukia kamba. Kupitisha uzi ndani ya bomba la mita 60 tulihangaika asubuhi yote na waya wa kuchokonolea, unafika katikati unagoma. Mwisho kijana wangu kachukua bulowa yangu ya kupulizia vumbi kwenye bodi, kakata kipande cha sponji cha kuoshea vyombo kinachoenea kwenye bomba, kakifunga mshipi wa kuvulia wa babu yake, kakiingiza, kapuliza. Sponji imetoka upande wa pili kama sekunde ishirini, imenipiga kifuani. Huyu mtoto nitamwongeza mshahara, ila sio mwezi huu.

Halafu mshipi umevuta faiba taratibu, mmoja anasukuma mwingine anavuta, hakuna kukunja. Nimewaambia huu siyo waya wa pasi, kona iwe ya upana wa sahani.

Bandani sasa: faiba inaingia kwa kitundu kile kile, adapta, pachi kodi, konvata, kutoka hapo waya mfupi kwenda kwenye ruta yangu ya zamani iliyokuwa kabatini. Ruta ya zamani nimeigeuza aksesi pointi, yaani kazi yake ni kutangaza waifai tu, na watu wengi wanakosea hapa: zima DHCP yake (ile inayogawia vifaa anwani), ipe anwani ya peke yake (yangu 192.168.1.2, ya sebuleni ni .1), waya uchomeke kwenye poti ya LAN, ile ya WAN iache tupu. Jina la waifai na paswedi weka sawa na za nyumbani, simu inahama yenyewe nikitembea.

Umeme wa banda unatoka nyumbani kwa waya wa hewani, na huo ni shaba, kwa hiyo vifaa vya mtandao sijavigusisha na umeme huo kabisa. Nimeviwekea sola ndogo na betri ya volti 12, ruta inakula 12 moja kwa moja, konvata inakula 5 kupitia kishusha volti. Sola nayo ina waya wake mfupi juu ya bati, sisemi kwamba haiwezi kupigwa, ila ikipigwa itakufa peke yake bila kwenda kuua ruta ya sebuleni. Na umeme ukikatika mtaani kazi inaendelea, ruta ya nyumbani nayo nimeipa ile UPS ndogo.

Spidi: 19.8. Konvata zangu ni za Mbps 100, kuna za 1000 kwa bei ya juu, lakini kifurushi changu ni 20 kwa hiyo za nini.

23 Novemba

Marekebisho madogo. Ruta nilikuwa nimeitundika juu kabisa karibu na paa, saa nane mchana ikawa inajiwasha upya. Joto. Nimeishusha usawa wa meza upande wa mashariki, imetulia. Usiku bati linatoka jasho na kudondosha matone, nimeiwekea kikofia cha chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa, wazi chini ipumue.

Na nimegundua raha ambayo sikuitegemea. Sebuleni nikitafuta mitandao naona 11 ya majirani, wote wamebanana kwenye chaneli 1, 6 na 11. Ndani ya banda, mlango ukifungwa, naona mmoja tu. Wangu. Bati lililokuwa linanizuia sasa linawazuia wao. Nguvu ya kutangaza nimeipunguza kabisa, chumba cha futi 20 hakihitaji makelele, mawimbi yanadunda ukutani yanafika kila kona, hata chini ya meza ni -41.

7 Desemba

Juzi na jana usiku mvua kubwa na radi mfululizo. Zamani ningeamka kuchomoa. Nimelala. Asubuhi nimeenda bandani na chai mkononi, taa ya faiba ya kijani imetulia, faili nililoacha linashuka limekamilika. Babu kapita akauliza ile chuma ya juu iko wapi, nikamwambia nimeikata nimefanya mguu wa meza. "Wabeja," akasema, yaani asante kwa Kisukuma, akaendelea na safari yake.

Kilichobaki ni netiweki ya simu. Hiyo faiba haitibu, simu za wateja bandani bado zinasoma hakuna huduma, na nimechoka kubishana. Kijana wangu kachukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye geti, kaandika juu ya lile jiwe kwa herufi kubwa: PIMIA NETIWEKI HAPA. Leo wamepanda watu wanne. Mmoja kapiga picha.